Kabla Funguo Hazijatoka Mkononi

Nyumba nyingi katika miji ya Tanzania hupangishwa baada ya kukubaliana mambo matatu tu: kodi ya mwezi, idadi ya miezi ya kulipa kwa mkupuo, na siku ya kuhamia. Dalali analeta mteja, mteja anakagua chumba, anauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama mita ya umeme ya LUKU ni ya kwake peke yake au ya kuchangia. Wakielewana, analipa kodi ya miezi sita na ya mwezi mmoja ya dalali, funguo zinatoka. Mkataba ukiwapo, aghalabu ni fomu iliyonunuliwa stationari, ambayo nafasi zake nyingi zimeachwa wazi. Chini ya mazoea haya kuna imani moja ambayo wenye nyumba wengi wanayo: kwamba karatasi ni kinga ya mpangaji, na kila linaloandikwa linamfunga mikono mwenye nyumba. Mimi naona kinyume chake. Ukitazama sheria ilivyo na migogoro ya pango inavyokwenda, mtu wa kwanza kuhitaji karatasi ni mwenye nyumba mwenyewe, na anazihitaji kabla mpangaji hajaingiza godoro.

Tuanze na swali la nani hudai nani. Sheria yetu ya Ushahidi inamtaka anayedai jambo ndiye alithibitishe. Katika pango, mpangaji yumo ndani na funguo anazo. Hana haja ya kwenda popote. Anayelazimika kupanda ngazi za Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni mwenye nyumba, na anakwenda na madai: kodi ya miezi minne haijalipwa, muda umekwisha na mtu hataki kutoka, mlango umevunjwa, bili ya maji imeachwa. Kila dai hapo linasubiri uthibitisho wake. Mpangaji akisema alilipa taslimu, au kwamba walikubaliana mwaka mzima na si miezi sita, neno lake linakutana na neno la mwenye nyumba, na mzigo unabaki kwa aliyedai. Ni kweli mpangaji naye hudai, hasa dipoziti yake au kodi aliyolipa mbele akaondolewa kabla ya muda. Lakini madai yaliyo mengi na mazito hutoka upande wa mwenye mali, na kwa hiyo pengo la ushahidi linamuumiza yeye kwanza.

Jambo la pili halijulikani kwa wengi, nalo lina uzito kuliko la kwanza. Pango lisiloandikwa nalo lina masharti yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inakubali pango la mwaka mmoja au pungufu lifanywe hata kwa mdomo, lakini pale wahusika walipokaa kimya, sheria hiyo inajaza. Inamwekea mwenye nyumba wajibu wa kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kuingiliwa, na anapopangisha sehemu tu ya jengo, wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Inamwekea mpangaji wajibu wa kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba ipasavyo, na kutompangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Kuhusu muda, pango lisilotajwa ukomo wala utaratibu wa notisi linahesabiwa kuwa la vipindi, na kipindi hupimwa kwa jinsi kodi inavyolipwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwenye nyumba aliyezoea kupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bila mkataba, anadhani anaweza kumpa mpangaji mwezi mmoja ahame. Mpangaji anayejua haki yake ana hoja ya kudai notisi ya miezi sita, kwa sababu ndicho kipindi walichokuwa wakilipana. Yule aliyekwepa karatasi ili abaki huru amejikuta ndani ya masharti ambayo hakuyachagua na pengine hajawahi kuyasoma. Kwa mstari mmoja wa notisi ya siku 30 au 60, uliokubaliwa na pande zote mbili tangu mwanzo, angejua anasimama wapi.

Uzito huu wa karatasi umeongezeka kutokana na historia. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwisho ikiwa ya 1984, na palikuwa na vyombo vya kusimamia kiwango cha kodi na kumtoa mpangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo hakuna anayempangia mwenye nyumba bei. Soko na makubaliano ndivyo vinavyoamua. Wenye nyumba walilipokea badiliko hilo kama uhuru, na ni uhuru kweli. Lakini kadiri dola inavyopunguza mkono wake, ndivyo maelewano ya watu wawili yanavyobeba mambo ambayo zamani sheria iliyabeba: kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, mpangaji atatoka kwa sababu zipi, nani atatengeneza nini. Maelewano yasiyoandikwa hayawezi kubeba yote hayo kwa mwaka mzima bila kuvuja.

Karatasi ya kwanza, basi, haimhusu mpangaji. Inajibu kama anayepangisha ana haki ya kupangisha. Inaweza kuwa hati miliki, leseni ya makazi kwa maeneo ambayo hayakupimwa, au mkataba wa mauziano wenye mashahidi kwa nyumba zilizonunuliwa mtaani. Matatizo makubwa yako kwenye nyumba za urithi. Baba amefariki, kaka mkubwa anakusanya kodi, na siku moja dada anatokea kutoka Mwanza kumwambia mpangaji kwamba nyumba haikuwa ya kaka. Mwenye mamlaka ya kusaini hapo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi ndiyo karatasi ya kuonyesha. Vilevile yapo ya wanandoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuitoa nyumba ya ndoa kwa kuuza, kuweka rehani au hata kupangisha bila ridhaa ya mwenzake. Familia inayohamia Dodoma kikazi na kuiacha nyumba ya Kimara kwa mpangaji ina haja ya saini mbili, ingawa jina kwenye hati ni moja. Na mwenye nyumba anayeishi nje ya nchi au mkoa mwingine, akamwachia mdogo wake au dalali kazi ya kupokea kodi, amwandikie mamlaka hiyo rasmi na aeleze mipaka yake: apokee kodi tu, au pia asaini mkataba, au pia atoe notisi. Wasimamizi wasio na karatasi wamepokea kodi ya mwaka mzima na kutoweka, na mpangaji anabaki akimtazama mwenye nyumba ambaye hajaona hata senti.

Kumhusu mpangaji, zinatakiwa taarifa chache na zilizo sahihi: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya simu, kazi na mahali anapoifanyia, watu watakaoishi naye, na ndugu wa kutafutwa ikitokea dharura. Kwa desturi ya mitaa yetu mgeni hupelekwa pia kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa akajulikane, na barua ya utambulisho kutoka mtaa alikotoka inasaidia. Wapo wapangaji wanaokataa kuacha nakala ya kitambulisho, wakihofia itatumika kusajili laini za simu au kukopa. Hofu yao ina msingi na isibezwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na zitunzwe zisivuje. Mwenye nyumba anayetuma picha ya kitambulisho cha mpangaji wake kwenye kundi la madalali la WhatsApp anafanya kosa. Akiandika juu ya nakala kwamba ni kwa ajili ya pango la nyumba fulani tu, na tarehe, wasiwasi unapungua kwa pande zote.

Mkataba wenyewe hauhitaji kurasa nyingi wala Kiingereza. Mikataba mingi inayozunguka mitaani imenakiliwa kutoka ofisi za mawakili, kwa lugha ambayo hakuna kati ya wawili anayeielewa vizuri, na wengine hudhani kufanya hivyo ndiko kuupa nguvu. Mkataba wa Kiswahili ni mkataba kamili, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Kinachotakiwa ni kwamba yale yanayoleta ugomvi yawe yametajwa kwa majina: ni chumba kipi na choo kipi, kodi kiasi gani na inalipwa tarehe ngapi, dipoziti ni ya nini na inarudishwa ndani ya siku ngapi, kodi mpya itatangazwa lini, notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na mwenye nyumba akitaka kuingia kukagua anatoa taarifa vipi. Pasisahauliwe kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kila mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Jengo la ghorofa linakatwa zaidi kwa kila ghorofa. Kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Wapo waliokubaliana mpangaji aibebe na wapo wanaoipunguza kwenye kodi ya mwezi. Njia zote mbili zina maelewano ndani yake; kinachozaa kinyongo ni kukatwa kila mwezi kwa fedha ambayo haikusemwa.

Nimechelewa kwa makusudi kufika kwenye karatasi ambayo naiona yenye thamani kuliko zote, na ambayo karibu haiandikwi kabisa: orodha ya makabidhiano. Mkataba unaeleza yatakayokuwa. Orodha hii inaeleza yaliyopo siku ile. Bila hiyo, dipoziti haina maana yoyote, kwa sababu mwisho wa pango hakuna anayeweza kusema kilichoharibika kilikuwa kizima. Inaandikwa chumba kwa chumba, wawili wakitembea pamoja mchana, taa zikiwashwa na bomba zikifunguliwa. Sebuleni: feni ya dari inazunguka, ila mwendo wa tatu haufanyi kazi, soketi nne, moja karibu na mlango ina ufa, rangi ya ukuta ni mpya, isipokuwa alama ya maji chini ya dirisha. Jikoni: sinki halivuji, kabati la chini bawaba moja imelegea. Bafuni: marumaru mbili zimepasuka nyuma ya mlango, flashi ya choo inajaa polepole. Madirishani: neti za mbu zote nzima, isipokuwa ya chumba cha watoto yenye tundu la kupita kidole. Funguo: mbili za mlango mkubwa, moja ya kila chumba, moja ya geti. Mwishoni zinaandikwa namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki, namba ya akaunti ya maji, usomaji wa mita ya maji siku hiyo, na kiasi cha bili kinachodaiwa kama kipo. Hili la maji lina uchungu wake, maana akaunti kwa kawaida iko kwa jina la mwenye nyumba, na mpangaji akiondoka na deni, deni linabaki kwenye akaunti. Picha za simu ziambatanishwe, lakini zisichukue nafasi ya maandishi. Picha ya ukuta haisemi kama feni ilikuwa inazunguka.

Mwenye nyumba anaweza kupinga kwamba kuandika ufa wa soketi na marumaru zilizopasuka ni kujishtaki mwenyewe kwa mpangaji. Nadhani hapo ndipo orodha inapofanya kazi yake. Mpangaji aliyeona kasoro za zamani zimekubaliwa waziwazi hana sababu ya kukataa kasoro mpya zitakapoonekana. Anayepewa karatasi inayosema kila kitu ni kizima, huku akiona ufa kwa macho yake, atasaini kwa sababu anahitaji nyumba, ila hataiamini karatasi hiyo wala aliyeiandika, na mwisho wa mwaka atapinga hata lililo la kweli.

Risiti nazo zina tabia ya kupuuzwa siku hizi, kwa kuwa kodi inalipwa kwa simu na watu wanaona ujumbe unatosha. Ujumbe wa malipo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishafungua mlango huo. Lakini hausemi yote. Fedha imetoka kwenye simu ya mke wa mpangaji, jina lake halimo kwenye mkataba, na kiasi ni shilingi 450,000 ambazo zinaweza kuwa kodi ya miezi mitatu, au kodi ya miezi miwili na dipoziti. Daftari la risiti la dukani, lenye nakala ya kaboni, linaloandika fedha ni ya mwezi gani hadi mwezi gani, linamaliza ubishi huo kwa gharama ndogo mno.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo wenye nyumba hulisema kwa sauti ya chini: karatasi zinamleta mtu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) mlangoni. Pingamizi hili linastahili jibu la wazi. Ni kweli mkataba wa pango unadaiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na unapaswa kulipiwa ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi ina kodi ya 3,600,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni 36,000. Ni kweli pia kwamba anayepanga kwa ajili ya biashara, kama kampuni inayochukua fremu au nyumba ya mfanyakazi wake, anatakiwa kukata zuio la asilimia 10 kwenye kodi na kuliwasilisha TRA, na kumpa mwenye nyumba cheti cha zuio. Lakini kodi ya mapato inatokana na fedha kupokelewa, wala haisubiri karatasi iandikwe. Na malipo ya simu na benki yameacha alama hata pale mkataba haupo. Anachokwepa asiyeandika ni shilingi 36,000. Anachoweka rehani ni uwezo wa kudai mamilioni, kwa sababu mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi hadi ushuru na faini yake vilipwe. Kwa upande wa zuio, kunyamaza ndiko kunakoleta hasara: kampuni inakata 30,000 kila mwezi, mwenye nyumba alitarajia 300,000 kamili, na hakuna palipoandikwa kama bei ilikuwa kabla au baada ya zuio. Sitamwambia mtu kwamba kodi hizi ni nyepesi, na mwenye vyumba vitatu vya uani ana haki ya kutaka serikali imrahisishie. Ila haimsaidii kuzikwepa kwa kujinyima ushahidi.

Lipo pingamizi jingine, la heshima zaidi. Watu wanasema sisi tunaishi kwa kuaminiana. Kumtolea mpangaji makaratasi ni kumwambia kwamba unamshuku, na hasa pale anapokuwa ndugu, jirani wa kijijini au muumini mwenzako. Hoja hii inagusa jambo la kweli, kwa kuwa vyumba vingi vya miji yetu vimepatikana kwa kujuana, na hisani hiyo imewasaidia vijana wengi kuanza maisha. Lakini utamaduni wetu wenyewe haujawahi kuiona kalamu kama adui wa uaminifu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika jamii za Waislamu wa pwani na bara inajulikana kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, nayo inawaelekea watu wa imani moja. Anayemwandikia ndugu yake mkataba anakiepusha kikao cha ukoo na kesi ambayo hakuna mzee atakayeiamua bila kumuudhi mmoja. Ndugu ndio wasio na Baraza la kwenda. Wakikosana, wanakosana hadi misibani.

Yule mwenye chumba cha shilingi 50,000 atauliza kama haya yote ni yake pia, maana wakili atamtoza zaidi ya kodi ya mwezi. Hahitaji wakili. Kwa pango la mwaka au pungufu, karatasi mbili za daftari zilizoandikwa kwa mkono, zenye saini za wawili na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mjumbe au jirani, zinatosha kuthibitisha yaliyokubaliwa. Pango la zaidi ya mwaka lina masharti mengine ya uandishi na usajili, na hapo ushauri wa mwanasheria unastahili gharama yake. Kila upande ubaki na nakala yenye saini halisi. Mpangaji akipewa fotokopi isiyosomeka, siku ya mgogoro yatatokea matoleo mawili ya mkataba mmoja.

Kisha mwaka unakwisha, mpangaji analipa tena, mwenye nyumba anapokea, na hakuna anayekumbuka karatasi. Mpangaji anayebaki baada ya muda kwa ridhaa ya mwenye nyumba anahesabiwa tena kuwa wa vipindi, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo, na swali la notisi ya miezi sita linarudi palepale lilipokuwa kabla ya kuandikwa chochote. Kwa hiyo mwezi mmoja au miwili kabla ya tarehe ya mwisho wawili hao wakutane, wapitie orodha ya makabidhiano kwa kuongeza yaliyochakaa na yaliyotengenezwa, waandike kodi mpya kama ipo na tarehe mpya ya ukomo, wasaini nyuma ya nakala zote mbili au kwenye ukurasa wa nyongeza, na ushuru wa stempu wa kipindi kipya ulipwe.